Je, Filamu Imenitisha au Nimempenda tu Mhusika?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Wiki iliyopita mimi na binamu zangu tulitazama filamu ya kutisha inayomhusu mama mjane na wanawe wawili waliohamia nyumba ya kupanga. Damu karibu hakuna. Kiumbe chenyewe kinaonekana mwishoni tu. Muda mwingi ni mama anahesabu pesa, anagombana na binti yake, anasikiliza mlio darini. Mimi nilikunja miguu juu ya kochi tangu nusu saa ya kwanza. Binamu zangu walicheka, wakasema hii ni tamthilia ya familia iliyozimiwa taa, na pale mama aliporudi ndani kuchukua bahasha ya pesa wakapiga makofi ya dhihaka. Hata mtandaoni nimeona wengi wameipa nyota mbili. Nataka kuandika kuitetea, lakini nahofia kwamba naitetea kwa sababu yule mama amenigusa, si kwa sababu filamu ni nzuri. Nitatofautishaje? Na je, ni kawaida kwamba leo ni usiku wa nne silali bila taa?"

Marahaba, mwanangu. Filamu unayoisema naijua, na kabla ya kukujibu nimeitazama upya mara mbili, mara ya pili nikiwa nimezima sauti. Jina lake silitaji kwa sababu nitaugusa mwisho wake, na wapo ambao hawajaiona.

Nikikuelewa vizuri, unadhani kuna mizani mbili: moja ya kupima kama filamu inatisha, nyingine ya kupima kama wahusika wanagusa moyo. Unahofia umechukua uzito wa mizani ya pili ukauweka kwenye ya kwanza, na sasa unajiona kama shahidi anayempendelea ndugu yake. Nimehariri filamu kwa miaka mingi, kadhaa zikiwa za kutisha, na jibu langu fupi ni kwamba katika filamu ya taharuki mizani ni moja. Kule kuguswa kwako ndiko kulikokutisha. Jibu refu ndilo hili linalofuata.

Tuanze na neno "inatisha", maana hapo ndipo mlipopishana na binamu zako bila kujua. Kuna kushtuka na kuna kuhofu. Kushtuka ni kazi ya mwili. Sauti kubwa ikitokea ghafla, sehemu ya chini kabisa ya ubongo inafumba macho na kuinua mabega kabla hujapata nafasi ya kufikiri. Haipiti hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mshtuko hauna haja na hadithi. Sufuria ikianguka usiku utaruka vilevile, hata kama humjui aliyeiangusha. Na mwili huzoea: sufuria ya tano haina nguvu ya ile ya kwanza. Ndiyo maana filamu inayotegemea mishtuko peke yake hulazimika kupandisha sauti kila baada ya dakika chache, na mtazamaji anaondoka akiwa amechoka masikio.

Kuhofu, yaani taharuki, kunaishi kwingine kabisa. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock, alipohojiwa na mwongozaji mwenzake François Truffaut mwaka 1962, aliieleza kwa mfano ambao wanafunzi wa filamu wanausikia mpaka leo. Watu wamekaa mezani wanazungumza mambo ya kawaida, mara bomu linalipuka chini ya meza. Mtazamaji amepata sekunde 15 za mshangao. Sasa chukua meza hiyohiyo na mazungumzo yaleyale, lakini mwonyeshe mtazamaji kwanza kwamba bomu lipo na litalipuka saa fulani. Yale mazungumzo ya kawaida yanageuka mateso, mtazamaji anatamani kuwapigia kelele waondoke, na umempa dakika 15 za taharuki badala ya sekunde 15.

Mfano huo ni mzuri, ila watu wengi wanaourudia husahau kuuliza ni akina nani waliokaa mezani. Tuseme ni vivuli viwili visivyo na majina. Utangoja bomu lilipuke, hata kwa hamu kidogo, kama mtu anayengoja fataki. Lakini kama ni mama uliyemwona asubuhi akikata mkate vipande viwili vya kuwapa watoto, kisha akajifanya hana njaa, kila sekunde ya saa ile inapita juu ya ngozi yako. Mtafiti wa saikolojia ya burudani, Dolf Zillmann, alilijengea jambo hili nadharia nzima: tunamtakia mema mhusika tuliyemkubali na kumhofia mabaya, na msuguano wa matakwa na hofu hiyo ndio taharuki yenyewe. Alionyesha pia kwamba ule msisimko wa mwili hauzimiki mara moja hatari ikipita. Unabaki kwenye damu na kuifanya nafuu ionekane kubwa kuliko ilivyo. Nadhani ndiyo sababu ulilia pale binti alipofungua dirisha. (Hukusema ulilia. Mimi nimekisia, kwa kuwa nililia mwenyewe.)

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika filamu si lazima zimwi lijulikane. Anayepaswa kujulikana ni huyo anayekaribia kuliwa.

Naomba nikupe kisa cha chumba cha uhariri, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza haya kwa aibu. Tulikuwa na filamu fupi ya kutisha ambayo mwisho wake dada na mdogo wake wa kiume wanakimbia gizani. Mwanzoni kulikuwa na sekunde 40 za dada akimfunga mdogo wake kamba za viatu. Mtoto hataki, anarusha mguu, dada anamkaripia kisha anampuliza usoni mpaka anacheka. Nikaikata. Niliona haisogezi hadithi. Tukawaonyesha watu wachache, na kwenye ule mkimbio wa mwisho, uliokuwa na muziki mkubwa na kivuli kilichotugharimu wiki mbili, mmoja wao alikuwa anapiga miayo. Mwongozaji akaniomba nizirudishe zile sekunde 40, basi. Sikugusa kingine. Tulipoionyesha tena kwa watu wengine, mtoto alipojikwaa gizani chumba kizima kilivuta pumzi kwa pamoja. Walikuwa wanazifikiria zile kamba za viatu. Mimi sikuwahi kuzifikiria, na ndiye niliyekuwa na mkasi mkononi.

Tangu siku hiyo nikitazama filamu ya kutisha namtafuta kwanza mtu, kisha zimwi. Chukua Alien ya mwaka 1979. Watu wanaikumbuka kwa kile kinachopasua kifua cha mtu mezani. Lakini kabla ya hapo tumeketi na wafanyakazi wa chombo cha anga cha mizigo wanaokula, wanavuta sigara, na mafundi wawili wanalalamika kwamba mgawo wao wa malipo ni mdogo kuliko wa wenzao. Ni malalamiko ambayo mfanyakazi yeyote amewahi kuyatoa au kuyameza. Au Jaws ya mwaka 1975: papa wa mashine alikuwa anaharibika majini, ikabidi mwongozaji Steven Spielberg amfiche muda mrefu, na kila mtu husifia jinsi kutokumwona papa kulivyozidisha hofu. Ni kweli. Ila mimi huwaambia wanafunzi waangalie tukio la mkuu wa polisi ameinamia meza kwa uchovu na mwanawe mdogo anaiga kila anachofanya, mikono, uso, kunywa. Hakuna papa hapo. Lakini baba yule anapoingia baharini, tunajua anaacha nini nchi kavu.

Sasa twende kwenye bahasha, kwa sababu binamu zako wamecheka mahali ambapo filamu yako ilifanya kazi yake ngumu kuliko zote.

Filamu za nyumba yenye zimwi zina ugonjwa mmoja wa kuzaliwa nao: kwa nini hawahami? Waandishi wengi wanaukwepa kwa gari lisilowaka au dhoruba iliyofunga barabara. Filamu hii iliujibu dakika ya sita. Mama amelipa kodi ya miezi sita mapema, na tunamwona akihesabu kilichobaki mara mbili, kama anayetumaini hesabu ya pili itakuwa na huruma zaidi. Kuanzia hapo mlango wa nyumba uko wazi lakini hauna faida. Kila mlio darini unapambana na ile hesabu. Tazama jinsi bahasha inavyorudi: iko chini ya godoro, iko kwenye mfuko wa aproni, mara iko mikononi mwa binti katika ule ugomvi wao wa katikati ambao binamu zako waliuita tamthilia. Ugomvi ule ni wa pesa, na ndani yake binti anatamka kwamba marehemu baba yao angewatoa humo. Kwa hiyo mama anaporudi ndani mwishoni, harudii karatasi tu. Anarudia uwezo wa kuwalaza wanawe mahali pengine usiku ule, na pengine anabishana na maneno ya binti yake.

Je, ni uamuzi wa busara? Hapana. Nami pia nilimpigia kelele. Hata hivyo kuna tofauti kati ya mhusika anayefanya upumbavu kwa sababu mwandishi anamhitaji afe, na mhusika anayekosea kwa njia ambayo yeye, kwa maisha yake, angekosea. Ukitaka kipimo, jiulize: kabla hajageuka, ulijua kwamba atageuka? Nadhani ulijua. Uliliona lile jicho likirudi mlangoni, ukasema moyoni "usiende", ukijua anakwenda. Hilo ndilo bomu chini ya meza, na mwandishi alilitega dakika ya sita.

Hapa nirekebishe dhana moja inayowapotosha hata wasifiaji. Mhusika tunayejiona ndani yake si lazima awe mwema, wala afanane nasi. Yule mama ana maneno makali, anamdanganya mwanawe mdogo, na katika tukio la simu anakataa msaada kwa kiburi tu. Kinachotushika ni kwamba tunaelewa anataka nini na anaogopa kupoteza nini. Wahusika wazuri kupita kiasi huwa hawatishi. Tunawaona kama wameshapakwa rangi ya kafara.

Lakini tusiwaonee binamu zako. Taharuki inahitaji usikivu kwa namna ambayo mshtuko hauhitaji. Mtu akitazama huku anajibu ujumbe kwenye simu, sufuria ikianguka ataruka tu, ila ile bahasha chini ya godoro itampita. Akipitwa nayo, mwisho kwake ni mwanamke anayekufa kwa ajili ya karatasi, na ana haki ya kucheka. Kicheko nacho mara nyingi ni njia ya kujitoa. Kijana akiwa kati ya wenzake, kucheka ni rahisi kuliko kukiri kwamba ameshikwa. Tena wapo watu ambao kweli taharuki haiwashiki, wanataka mbio na damu. Hiyo ni ladha yao, wala usipoteze karatasi kuwabadilisha.

Zile nyota mbili nazo usizichukulie kama hukumu. Mara nyingi mtu anapima pengo kati ya alichoahidiwa na alichopewa. Mwaka 2018 filamu ya kutisha iitwayo Hereditary ilisifiwa sana na wahakiki, lakini watazamaji waliohojiwa Marekani wakitoka ukumbini usiku wa kwanza waliipa D+ katika kura ya CinemaScore. Tangazo la filamu likionyesha mishtuko mitano ya sekunde mbilimbili, anayekuja kuitafuta ataona msiba wa familia kama wizi wa pesa yake. Na mara nyingi mwenye filamu siye aliyelitengeneza tangazo.

Unaniuliza kama inastahili sifa, na mimi nasema inastahili zaidi ya inayopata, kwa sababu ambayo haiko kwenye filamu hii tu. Aina hii ya filamu husifiwa kwa shingo upande. The Exorcist ya mwaka 1973 ndiyo filamu ya kutisha ya kwanza kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Jaws nayo iliteuliwa, ikachukua Oscar za uhariri, muziki na sauti, lakini Spielberg hakuwamo hata kwenye orodha ya waongozaji. The Silence of the Lambs ya mwaka 1991 ilipozoa Oscar zote tano kubwa, wengi wakaona afadhali waiite filamu ya upelelezi. Get Out ya mwaka 2017 ilimpatia mwandishi na mwongozaji wake, Jordan Peele, Oscar ya hati asilia ya filamu (skripti), lakini kwenye tuzo za Golden Globes ilishindanishwa katika kundi la vichekesho na muziki. Unaiona hila? Filamu ya kutisha ikiwa nzuri hubadilishwa jina, halafu tunaambiwa kwamba filamu za kutisha si nzuri.

Kuna na sababu ya ndani zaidi, na hii ni ya kazi yangu. Damu na vinyago vinaonekana, kwa hiyo aliyevitengeneza anasifiwa. Kumfanya mtu akubalike ndani ya dakika kumi hakuonekani. Kukifanywa vizuri mtazamaji husema "nimempenda tu", kama ulivyosema wewe, akadhani ni jambo lake mwenyewe. Mwigizaji aliyehesabu pesa mara mbili, mwandishi aliyeikumbuka kodi, mhariri aliyeuacha ukimya udumu sekunde nne badala ya mbili, wote wanatoweka nyuma ya neno "tu".

Pamoja na hayo, usiifanye filamu yako malaika. Si kila kilicho polepole ni taharuki. Kama katika dakika tano za ukimya huna jipya unalolijua wala unalolihofia, hayo ni mapengo. Sehemu ya kuhamisha fanicha ni ndefu bila sababu; niliitazama bila sauti nikaona picha tatu zinazosema jambo moja. Na dakika kumi za mwisho mwongozaji alipoteza ujasiri. Alikuwa ametufanya tuogope dari kwa saa nzima, kisha akatuonyesha kiumbe kwenye mwanga mpaka meno yake tukayahesabu, muziki ukigonga juu yake kama anayetuuliza "mmeogopa?". Binamu zako wakikuambia zimwi lenyewe linachekesha, wakubalie. Utaaminika zaidi kwenye bahasha.

Ukikaa kuandika, kuna njia mbili. Unaweza kuandika leo, hofu ikiwa bado moto, na maneno yatakuwa na joto ila utarudia "niliogopa sana" mara sita. Au ungoje wiki, uitazame tena mchana, ndipo uandike. Joto litapungua lakini utaona mishono. Mimi ningeandika rasimu leo, nikaifunga, nikaifungua baada ya kutazama tena. Ukitazama mara ya pili unajua kila mshtuko utakapotokea, kwa hiyo mishtuko inakufa. Ikiwa bado unakunja miguu korido inapoonekana, hicho ndicho kitu cha kuandika. Chagua tukio moja ulieleze hatua kwa hatua: tunajua nini, yeye hajui nini, tunangoja kwa muda gani, na tunahofia nini kipotee. Na usiidharau mishtuko yote. Mmoja unaojulikana kuliko yote, katika Cat People ya mwaka 1942, ni wa basi tu linalosimama kwa mfyonzo mkali mbele ya mwanamke anayetembea usiku. Umewafanya watu waruke kwa sababu kwanza tumetembea naye, tumezisikia hatua nyuma yake, kisha tumezisikia zikinyamaza. Mshtuko ukipandwa juu ya taharuki huwa na mizizi.

Sasa usingizi wako. Siku tatu nne za kulala na taa baada ya filamu iliyokushika ni jambo la kawaida, wala si dalili ya woga. Akili inajua kwamba dari ni dari, ila ile sehemu inayolinda usalama imefundishwa kwa saa mbili kwamba mlio wa juu una maana, na haisahau kwa kuamriwa. Inasahau kwa kuzoea. Tazama jinsi filamu kama hizo zinavyotengenezwa, ukiona mtu amevaa kinyago anakunywa chai utacheka. Usitazame nyingine usiku. Punguza taa kidogo kidogo, usijilazimishe giza la ghafla kuwathibitishia binamu zako kitu.

Hata hivyo kuna mahali ambapo maandishi yangu hayafiki. Ikiwa wiki mbili zimepita na bado hulali, au unaacha shughuli zako kwa ajili ya hofu, au mapigo ya moyo yanakukimbia na kifua kinabana bila sababu, nenda ukamwone daktari au mshauri wa afya ya akili ana kwa ana. Nenda mapema zaidi kama filamu imegusa jeraha lako mwenyewe. Sikuulizi, lakini umeandika kwamba yule mama amekugusa. Kama nawe umefiwa, au uliwahi kulala kwenye nyumba usiyojisikia salama, basi huenda kinachokukesha si kiumbe wa darini, na hilo linahitaji mtu aliyekaa mbele yako akikusikiliza. Na kama nyumbani kuna watoto wadogo waliochungulia mlangoni mkitazama, waulizeni waliona nini. Wao hawana uzoefu wa kujua kinyago ni kinyago.

Kuhusu nyota, kwa kuwa najua utaniuliza: nimeipa nne kati ya tano. Ya tano niliishika mkononi mpaka kiumbe kile kilipoanza kuonyesha meno.